Safari Rally Wakati wa Mvua: Jua Utatokaje Kabla ya Kuchagua pa Kutazamia

Kila mwaka Safari Rally inapokaribia, jamaa na marafiki huniuliza ni wapi Naivasha ambapo mtu anaweza kuyaona magari vizuri, na jibu langu huwaudhi kidogo kwa sababu mimi hujibu kwa kuuliza swali jingine: mvua ikinyesha saa tisa alasiri, utatokaje hapo? Nimezifuata mbio hizi kwa muda wa kutosha kuona kwamba karibu kila mahali penye mandhari mazuri, hasa mabondeni na kwenye vivuko vya maji ambavyo wapiga picha huvipenda, ni mahali pabaya kabisa pa kuwa pindi mawingu yanapofunguka. Ushauri nitakaoutoa hapa umejengwa juu ya jambo hilo moja, kwamba mtazamaji wa Safari achague mahali kwa kuangalia udongo na njia ya kurudi barabara kuu, na mandhari yaje baadaye.

Mvua si ajali katika mashindano haya. Yalipoanzishwa mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi baadaye yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani masika yanapoanza kushika. Njia ilikuwa ya maelfu ya kilomita, madereva walikesha barabarani, na barabara zenyewe hazikufungwa kwa ajili yao, kwa hiyo mshiriki aliweza kukutana na lori la mkaa au kundi la ng'ombe kwenye kona. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yalianza 93, na tena yakamaliza 7. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na mwelekezi wake Paddy Cliff, na miaka yote miwili walikuwa katika Peugeot 404, gari ambalo wakati huo lilikuwa likibeba abiria na magunia katika barabara hizo hizo za Afrika Mashariki. Madereva kutoka Ulaya walikuja na magari yenye kasi na timu kubwa wakarudi mikono mitupu, mpaka Hannu Mikkola wa Finland alipofanikiwa mwaka 1972 akiwa katika Ford Escort.

Ukitazama picha za magari ya enzi hizo utaona vishikio vimechomelewa kwenye buti na vibao vya kukanyagia kwenye bampa ya nyuma. Havikuwa mapambo. Gari liliposhindwa kupanda kwenye tope, mwelekezi alitoka, akasimama nyuma akivishika vishikio hivyo, akawa anaruka-ruka ili uzito wake uyashindilie chini magurudumu yanayosukuma. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu linamfaa pia mwenye gari dogo la familia aliyekwama kwenye shamba la kuegeshea.

Mashindano ya siku hizi ni mafupi zaidi. Tangu Kenya irudishwe kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kutokuwapo tangu 2002, madereva hupimwa muda katika vipande vya barabara vilivyofungwa, vinavyoitwa mikondo, ambavyo jumla yake ni kati ya kilomita 300 na 400, vingi vikiwa kuzunguka Ziwa Naivasha na kuelekea hadi Elmenteita. Hali ya hewa, hata hivyo, haikufupishwa. Mwaka 2021, 2022 na 2023 mashindano yalifanyika Juni, mwezi ambao wengi tunauhesabu kuwa wa baridi kavu, na bado mvua ilikuja. Mwaka 2021 dereva Ott Tänak alilazimika kusimama katikati ya mkondo kwa sababu kioo chake cha mbele kilijaa ukungu wakati wa mvua hata asione barabara. Mwaka uliofuata mvua kubwa iliunyeshea mkondo wa Sleeping Warrior Jumamosi alasiri, na Kalle Rovanperä, aliyeshinda, aliuvuka kwa kujihadhari kuliko kwa kushindana. Kisha mwaka 2024 mashindano yalihamishiwa wikendi ya Pasaka, 28 hadi 31 Machi, na 2025 yakafanyika tena Machi. Kwa maneno mengine, tumerudi kwenye masika yaliyoyameza magari ya 1963 na 1968, na mtazamaji anapaswa kujiandaa hivyo.

Anza na udongo. Sehemu kubwa ya ardhi ya Naivasha ni majivu ya volkano yaliyosagika yakawa vumbi laini kama unga, ambalo wakati wa jua huziba pua na kuingia hadi kwenye mikoba iliyofungwa. Mvua ndogo ikinyesha juu ya vumbi hilo, tabaka la juu hulowana na la chini hubaki gumu, na hapo ndipo utelezi huwa mbaya kuliko wote, kwa sababu tairi halina pa kung'ata. Mvua kubwa ikiendelea, magari ya mashindano huchimba mitaro mirefu ambayo gari la kawaida likitumbukia hukalia tumbo. Habari njema ni kwamba udongo huu hunyonya maji upesi. Nimeona eneo ambalo asubuhi lilikuwa uji likipitika alasiri baada ya jua la saa chache. Ni tofauti kabisa na ule udongo mweusi wa nyanda za Athi na Kajiado, unaopasuka nyufa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, ambao hushikamana na tairi mpaka madigadi yajae na gurudumu lisizunguke. Ukikwama kwenye udongo mweusi, usitarajie jua la mchana mmoja kukuokoa. Kwa hiyo unapofika mahali unapotaka kukaa, shuka, chota udongo kiganjani, umwagie maji kidogo ya kunywa na uufinyange. Ukikatika-katika, egesha. Ukifinyangika ukawa kamba ndefu isiyovunjika, tafuta mahali pengine hata kama marafiki wamekwisha kutandika mkeka.

Baada ya udongo, mteremko. Watu wengi huegesha chini, karibu na mkondo, ili wasitembee. Mimi huegesha juu, mahali ambapo nikitoka nitakuwa nikishuka au nikienda tambarare mpaka kwenye changarawe, na huligeuza gari likaelekea njia ya kutokea kabla sijafungua hata chupa ya chai. Mchungaji mmoja karibu na Elmenteita ndiye aliyenionyesha jinsi ya kusoma mahali pa namna hiyo: alinyooshea fimbo majani makavu yaliyokuwa yamenasa kwenye matawi ya chini ya mgunga, akaniambia maji ya mwisho yalifika pale. Siku ile mvua ilinyesha kweli, na waliokuwa wameegesha kwenye kibonde kizuri chini yetu walikuwa wakitafuta trekta mpaka usiku. Tangu hapo huangalia matawi kabla ya kuangalia mkondo. Alama nyingine ni mchanga uliochujwa ukawa laini na wenye mawimbi madogo, na nyasi zote zilizolalia upande mmoja.

Jambo ambalo wageni wa mchezo huu hulielewa vibaya kuliko yote ni kuahirishwa. Wao hudhani mkondo hufutwa kwa sababu magari yameshindwa na tope. Magari haya yanaweza kupita mahali ambapo wewe na mimi tungeacha viatu. Yana bomba la kuvutia hewa lililopandishwa kando ya kioo hadi karibu na paa ili injini isinywe maji kwenye vivuko. Mara nyingi kinachowasimamisha waandaaji ni uokoaji. Helikopta ya wagonjwa ikishindwa kuruka kwa sababu ya mawingu mazito, au barabara ya ambulansi ikikatwa na maji, hakuna atakayeruhusu magari yaanze mpaka pawe na njia nyingine ya kumfikisha majeruhi hospitalini. Ndiyo maana unaweza kukaa mahali penye jua zuri huku mkondo umesimamishwa, kwa kuwa wingu liko kilomita 30 kutoka kwako. Na mkondo ukisimamishwa katikati kwa bendera nyekundu, madereva waliozuiwa hupewa muda ambao wasimamizi wanauona kuwa wa haki, na mashindano huendelea kwenye mkondo unaofuata. Magari hayo hayatarudi kukupitia.

Manufaa ya kuelewa hivyo ni makubwa kwa mtazamaji. Badala ya kukaa ukilalamika, tazama mbingu upande wa safu ya Aberdare na upande wa Mau, sikiliza kama helikopta bado zinazunguka, na waulize wasimamizi wa mkondo kwa adabu kama kuna taarifa. Kukiwa kimya kwa muda mrefu na wingu linakaribia, fungasha. Mimi sioni aibu kuondoka kabla ya gari la mwisho, ingawa nina ndugu ambaye huniita mwoga kila mwaka na kila mwaka huniomba lifti ya kurudi. Hata hivyo usiingie barabarani mpaka gari la kufunga mkondo lipite au wasimamizi wakuruhusu, kwa sababu ukimya si ushahidi kwamba hakuna gari linalokuja. Huenda dereva alibadilisha tairi na sasa anafidia muda wake kwa kasi yote aliyo nayo.

Sasa nizungumze juu ya maji, na hapa sitaki mzaha. Mkondo wa Hell's Gate, ambao ndio humalizia mashindano Jumapili, uko ndani ya hifadhi yenye korongo maarufu la miamba. Mwaka 2012, na tena 2019, mafuriko ya ghafla katika korongo hilo yaliua watu waliokuwa wamekwenda kutembea, na maji ya namna hiyo huweza kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali juu, wakati wewe uliye chini unaona mawingu mepesi tu. Mashabiki wengi hupata wazo la kuingia korongoni kupoteza muda kati ya mzunguko wa kwanza na wa pili wa magari. Msimu wa mvua usifanye hivyo, hata ukimwona mwongozaji aliye tayari kukupeleka. Vilevile barabara ya chini inayopita Mai Mahiu ni fupi kwa wanaotoka Nairobi na ina mandhari ya Bonde la Ufa yasiyochosha, lakini ipo chini ya miteremko mikali. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, mwezi mmoja tu baada ya mashindano ya mwaka ule kumalizika, mafuriko yaliyoshuka huko yalisomba nyumba na kuua makumi ya watu. Mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, mimi hutumia barabara ya juu ya Limuru na kuvumilia ukungu na foleni ya malori, na kama giza limekwisha kuingia hulala Naivasha au Gilgil.

Ukikuta maji yanavuka barabara, usitegemee gari lililopita mbele yako kama kipimo, maana huenda lina kimo kikubwa kuliko lako au dereva wake alibahatika. Tafuta fimbo, upime ukiwa ukingoni. Maji yanayokwenda kwa nguvu na kufika magotini ni sababu tosha ya kungoja, kwa kuwa huliinua gari dogo na kulisukuma kando. Ya rangi ya chai ya maziwa, usiyoweza kuona chini yake, yangoje hata yakiwa machache. Makorongo mengi ya huko hujaa haraka na kupungua haraka, na saa moja ya kungoja ukila mahindi ya kuchoma haijawahi kumdhuru mtu.

Kuhusu kuendesha kwenye tope, yapo mengi yaliyosemwa, nami nitataja machache ambayo yamenifaa. Punguza upepo wa matairi kidogo kabla ya kuingia, si baada ya kukwama, na uwe na pampu ya kuurudisha utakapofika kwenye lami. Usisimame katikati ya tope kwa sababu ya kumhurumia mwenye gari lililokwama mbele. Simama kabla, mahali pagumu, kisha utembee kwenda kumsaidia. Usifuate mtaro uliochimbwa na magari ya mashindano kama chesesi ya gari lako ni ya chini, bali weka gurudumu moja kwenye tuta la katikati. Kioo kikijaa ukungu, washa kiyoyozi pamoja na joto, kwani kiyoyozi hukausha hewa, na ni bora kufanya hivyo mapema kuliko kufuta kwa kitambaa huku ukiendesha. Na ukikwama, kumbuka vile vishikio vya zamani. Kama gari lako husukumwa na magurudumu ya nyuma, wapeleke abiria wawili wakalie buti au wapande nyuma kama ni pikapu, ilimradi gari linakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Kama husukumwa na ya mbele, kama yalivyo magari mengi madogo ya siku hizi, toa mizigo kwenye buti na abiria wa nyuma washuke, kisha wasukume wakiwa wamesimama pembeni, wasikae mbele ya gari wala nyuma ya gurudumu linalozunguka.

Vijana wa vijiji vya jirani watakuja kukusukuma, na ni haki yao kulipwa. Patana bei kabla hawajashika gari, mlipe mmoja mbele ya wote, na uwe na pesa taslimu ndogo ndogo, kwa sababu mtandao wa simu huelemewa siku hizo na malipo hukwama pamoja na magari. Husemwa kwamba baadhi yao huchimba shimo usiku ili wapate kazi asubuhi. Sijashuhudia jambo hilo, lakini nimeshuhudia watu wenye magari makubwa wakiwatukana vijana waliowatoa kwenye tope kwa shilingi mia mbili, na hilo lilinichukiza zaidi.

Kuna faida moja ya mvua ambayo sitaki ikupite. Wakati wa ukavu, dereva anayetangulia hufagia vumbi na changarawe, hivyo wanaofuata hupata barabara safi zaidi. Mvua hugeuza mambo: wa kwanza hukuta barabara nzima, na kila gari huiacha mbaya zaidi kwa anayefuata. Wanaoikuta ikiwa imeharibika kabisa ni madereva wa nyumbani, wanaoanza nyuma katika magari ya daraja la chini na bajeti ya kubangaiza. Watazamaji wengi huondoka mara tu magari ya Toyota, Hyundai na Ford ya daraja la juu yanapokwisha kupita, na hivyo hukosa uendeshaji ulio karibu zaidi na Safari ya washindi wa zamani kama akina Joginder Singh na Shekhar Mehta. Kama mahali ulipoegesha ni pagumu na mawingu hayajakaribia, baki uwatazame hao.

Kwa watakaopiga kambi, epuka ukingo wa ziwa. Ziwa Naivasha halina mto wa juu unaotoka, maji ya mito ya Malewa na Gilgil huingia na kutoka polepole tu, kwa kupenya ardhini na kugeuka mvuke, na mwaka 2020 lilifurika hadi kwenye makazi ya Kihoto. Lakini hata likiwa limetulia, viboko hutoka usiku kula nyasi, na hema lililo kati ya kiboko na maji ni kikwazo tu machoni pake. Radi ikianza, ingia garini ufunge milango. Usijifiche chini ya mgunga uliosimama peke yake wala chini ya hema lenye vyuma. Mavazi kila mtu anayajua: gambuti, koti la mvua, soksi za kubadilisha. Mwavuli uache nyumbani, kwa kuwa huwazibia wengine na upepo wa bonde huubeba hadi barabarani mbele ya magari.

Ukirudi salama, usiridhike na kuosha bodi. Lile tope la majivu hukauka kuwa kama sementi ndani ya rimu, na uzito wake upande mmoja hulifanya gari litetemeke ukifika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hata fundi akakuuzia balansi usiyoihitaji. Nyunyiza maji kwa nguvu ndani ya magurudumu na chini ya chesesi siku hiyo hiyo, kagua kichujio cha hewa, na mwambie fundi afungue breki za nyuma azisafishe kabla ya wiki kwisha, hasa kama gari lina breki za ngoma, kwa sababu mchanga ulioingia humo hula ngoma polepole bila kutoa sauti.